Malalamiko Kuhusu Nta Iliyoshindwa na Petroli

Chemchem,
Tabora.

Kwa Mzee Bundala,
Mwenyekiti, Kikundi cha Wafugaji Nyuki Tuelewane,
Ipole, Sikonge.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

YAH: NTA YENU KUNITIA AIBU MBELE YA WAKWE

Mimi ni Mfaume Selemani, fundi cherehani, mwenye Pijo 404 ya marehemu baba. Jumamosi binti yangu Yasmini anapelekwa kwa mumewe Usoke, na nimeshawatangazia wakwe kwamba atafika kwa gari hilo, nikiliendesha mwenyewe. Basi bomba la chuma linalopeleka petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini likatoboka kwa kutu. Shemeji yangu Awadhi alishauri nikate kipande kilichooza niweke kipya. Nilimjibu kwamba bomba la baba halikatwi. Nikalisugua kwa msasa, nikaziba tundu kwa nta yenu, nikafunga juu yake kwa mpira wa baiskeli. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

1. Nta imeyeyuka. Niliibandika asubuhi, na kufika adhuhuri petroli ilikuwa inatiririka kana kwamba hakuna aliyeizuia. Marehemu bibi aliziba vibuyu kwa nta ya huko huko Ipole, na maji hayakupita mpaka anaingia kaburini. Nauliza kwa heshima: nyuki wenu wa siku hizi wanafundishwa nini?

2. Nta hiyo, badala ya kukaa nilipoiweka, imesafiri na petroli hadi kwenye kabureta na kuganda humo. Gari sasa linapiga chafya. Mimi sikuituma huko.

3. Harufu yake imeita nyuki, nao wamehamia chini ya boneti. Awadhi anasema ni nyuki wa hapa hapa mtaani. Mimi nimeumwa vya kutosha kuutambua ukali wa Ipole. Njooni muwachukue, maana ni mali yenu.

4. Kwa kuwa petroli inavuja, nimepiga marufuku moto nyumbani. Nilitegemea kusifiwa. Badala yake mke wangu Mwamvita amehamisha majiko, masufuria ya pilau, wapishi na mashangazi wote kwa jirani yetu Tekla. Yaani harusi ya binti yangu iko kwa Tekla, na vigelegele navisikia nikiwa nimelala chali chini ya gari. Jana Yasmini alikuja kunisalimia, akaisalimia miguu yangu, maana ndiyo iliyokuwa nje.

5. Hili ndilo zito. Kwetu baba hafuatani na msafara wa kumpeleka bibi harusi. Wanakwenda mashangazi na makungwi; baba hubaki kurudisha masufuria ya watu. Lakini dereva hakatazwi, na hakuna shangazi awezaye kumteremsha dereva. Bila Pijo nitabaki Chemchem, na nta yenu ndiyo itakayokuwa imenitenga na mwanangu siku hiyo. Naumia, Mwenyekiti, na si kwa sababu ya nyuki peke yao.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, nyuki wenu watengeneze nta inayoiweza petroli, kabla ya Jumamosi. Pili, ikishindikana, wanakikundi wote waje walibebe Pijo mabegani hadi Usoke, mimi nikiwa ndani nimeshika usukani. Msiniambie ni zito. Babu zetu wa Unyanyembe walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, na sijasikia hata mzigo mmoja uliovuja njiani. Mpiga ngoma wa kutangulia nitamtafuta mwenyewe, msije mkasema nimewaachia kila kitu.

Nisalimie mama hapo nyumbani, wanakikundi wote, watoto, na nyuki ambao bado hawajahamia kwangu.

Ni mimi, ninayengoja majibu chini ya gari,
Mfaume Selemani

N.B. Nilipokwenda msikitini leo, Awadhi amekata bomba, ameweka jipya na kusafisha kabureta. Hata nyuki wameondoka wenyewe. Gari limewaka mara moja. Kwa hiyo futa malalamiko yote matano. Ila tuma nta nyingine haraka sana: bomba la breki nalo limeanza kuvuja, na kwa kuwa hilo halipitishi petroli, safari hii sina wasiwasi.

Shikamoo babu. Ni Yasmini, nimepewa barua hii niipeleke stendi. Tafadhali usitume nta. Tunakwenda Usoke kwa treni. Nimeshaongea na mashangazi, na baba nimemkatia tiketi, kiti cha pembeni yangu. Yeye bado hajui.