Pikipiki ya Tata Magdalene na Kona za Ruiru

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tata Magdalene, dadake mama, amenijia steji ya bodaboda ya Kiganjo mbele ya watu wote. Pikipiki ni yake, mimi naendesha tu, hilo sikatai. Lakini kelele ya nini? Ati abiria wamelalamika vya kutosha. Ati lalamiko moja tena, pikipiki inaenda kwa Muoki. Muoki! Huyo wa kuendesha kama amebeba uji moto. Bila pikipiki narudi Gatundu kumchumia baba majani chai. Siwezi.

Lakini Mungu si Athumani. Jumapili saa nane kuna mbio za wanaoanza, pikipiki za kawaida, kiwanjani Ruiru. Nani atamnyang'anya bingwa pikipiki?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda Ruiru kwa Auma, fundi anayefundisha mbio. Nikamwambia nina miaka sita barabarani. Akaniambia nizunguke kona moja aone. Nikazunguka. Akasema miaka sita nimeipoteza. Breki ishikwe kabla ya kona, si ndani yake. Macho yaangalie mwisho wa kona, si tairi. Nimejaribu mara ishirini.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi hayangoji. Nimembeba Wakonyo, katibu wa akina mama kanisani, na trei mbili za mayai. Kona ya shule nikailalia vizuri sana. Yeye akaegemea upande wa pili! Mayai yamebaki kumi na moja. Nikamweleza kwa heshima kwamba kosa ni lake. Haiya, alivyonijibu! Jumapili baada ya ibada atamwambia Tata kila kitu.

Basi lazima nishinde.

Jumamosi, 9 Agosti

Muoki naye amejiandikisha. Nimemwambia saa zimebadilishwa, ni saa kumi. Dhambi ndogo.

Jumapili, 10 Agosti

Muoki amefika saa saba, na pikipiki ya kuazima. Alimpigia Auma kuuliza. Na nyuma yake ameketi nani? Tata! Wakonyo ameshamwambia. Tata akasema amekuja kujionea wazimu wangu kwa macho, na nikishinda atafikiria upya.

Tumeanza wanane, raundi tano. Raundi ya nne niko mbele! Breki kabla ya kona. Macho mwisho wa kona. Pikipiki inanitii, nimefurahi mpaka naimba ndani ya helmeti.

Raundi ya mwisho, kando ya uzio, mama mmoja na kikapu akainua mkono.

Nikasimama. Mguu wa kushoto chini, pikipiki sambamba na viatu vyake. Nikamuuliza anaenda wapi.

Alikuwa Tata. Alikuwa ananishangilia.

Sita wamenipita, Muoki wa kwanza. Wa nane alikuwa ameanguka. Tata hakugomba, hapo ndipo niliumia. Alinyoosha tu mkono apewe ufunguo.

Jumatatu, 11 Agosti

Muoki steji, na pikipiki yangu. Nimelia kidogo, chooni.

Saa nne Auma amenipigia simu. Ati hajaona mwanafunzi akishika kona hivyo kwa siku chache. Ati atanipa pikipiki yake ya mbio nifanye mazoezi mpaka Oktoba, bure, halafu atanitafutia timu. Sharti ni moja: nisibebe mtu. Nikaapa kwa jina la mama. Shida ya jana nimeielewa kabisa: watazamaji walisimama karibu mno.

Nimeichukua saa tisa. Hatua hamsini kutoka geti lake, mama mwenye gunia la sukuma wiki akainua mkono. Anaenda Juja. Pikipiki ya mbio haina kiti cha nyuma, kwa hivyo nikamketisha mbele kwenye tangi, gunia nikafunga mgongoni kwangu. Kona zote nikashika kama nilivyofundishwa. Mama hakulalamika, aliomba tu kwa sauti.

Auma alipiga simu mara tatu. Sikushika. Mwendeshaji makini hashiki simu akiwa na abiria.