Sikio Linalong'aa

Jumatatu, 4 Machi

Mashine ya leza imefika kiwandani. Mlango haukuitosha, wakabomoa ukuta. Ukuta wenyewe ni wa idara yangu. Sasa napaka vanishi huku upepo ukinipiga mgongoni.

Bosi alitukusanya akatueleza. Mpaka leo, boksi likitakiwa ling'ae jina au ua, mimi ndiye nalipaka vanishi mahali hapo. Kuanzia sasa kadibodi itakuja ikiwa na utando unaong'aa kote. Leza itapita juu yake na kuufifisha pale pasipotakiwa mng'ao. Kinachobaki ndicho kinachong'aa. Hakuna makopo, hakuna harufu, hakuna kungoja ikauke. Nikauliza, na fundi wa vanishi je? Akasema tutaona mwisho wa mwezi. Hiyo "tutaona" naijua. Ndiyo aliyoambiwa mlinzi wa zamani, na sasa hatumwoni.

Mashine kakabidhiwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hapa. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika brashi. Wenzetu wameshampa jina, Mwanga, kwa ajili ya ile leza. Mimi nami namwita Mwanga, ila kwa maana ile nyingine, ya wale wanaotembea uchi makaburini.

Nyumbani mke wangu kampikia mdogo wake chakula cha kumpongeza. Nilipewa shingo.

Jumatano, 6 Machi

Bahati imenigeukia. Au nilidhani hivyo, na mpaka sasa bado nadhani.

Mchana, Mwanga akiwa ametoka kwenda kula, aliingia mama mmoja mwenye khanga nyeusi. Anatengeneza sabuni nyumbani. Zamani alikuwa akitengeneza mumewe, yeye akifunga tu. Mume kafariki mwaka jana. Anataka boksi jipya, jeupe, lisilo na picha yoyote. Lakini mtu akiligeuza kuelekea kwenye mwanga, utokee uso wa mumewe. Kasikia tuna mashine inayoweza.

Nikamwuliza kwa nini asiweke picha ya kawaida tu, watu wote waione.

Akasema, "Sitaki kila mtu amwone, fundi. Anayegeuza ndiye amwone."

Nilimwambia amefika kwa mtu mwenyewe. Kazi za namna hiyo ndizo zangu. Akafungua leso akanipa picha, ile ndogo ya kitambulisho. Mwanamume mwembamba, tai, masikio makubwa. Alisema ndiyo pekee aliyonayo. Marehemu hakupenda kamera. Nikaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, naye akaliona hilo na akatulia.

Kisha nikaenda kwa bosi. Nilisema wazo ni langu. Bosi alifurahi mpaka akanipisha kiti. Kasema kazi hii ikitoka vizuri, nitaishika mashine zamu kwa zamu na shemeji yangu, na habari za mwisho wa mwezi tuzisahau.

Sasa tatizo ni moja tu. Siijui mashine.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesimama nyuma ya Mwanga asubuhi nzima nikijifanya natafuta kopo. Akaniambia shemeji, njoo nikuelekeze, si kazi ngumu, siku chache tu utaijua. Nikamjibu sina haja. Kuelekezwa na mtu niliyemfundisha kufunga kizibo! Afadhali nirudi kupaka gundi nilikoanzia.

Nilichokiona kinatosha. Unafungua kifuniko, unaweka kitu, unabonyeza kitufe cha kijani. Ni fotokopi yenye majivuno.

Kinachobaki ni kumwondoa yeye kwa siku moja. Jioni nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya huruma, kwamba mdogo wake amekonda. Nikasema nimesikia miale ya leza inakausha damu, hasa ya kijana ambaye hajaoa. Mke wangu akaacha kijiko ndani ya sufuria. Akauliza mbona mimi niliye kando ya mashine hiyo hiyo nanenepa. Nikasema mimi damu yangu imeshakomaa.

Ameamua Jumamosi mdogo wake haendi kazini, anaenda kwa daktari. Mwanga kapinga. Lakini dada yake akishaamua, hata bosi hana la kusema.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Kiwanda kilikuwa kitupu, ila binti wa kompyuta, yule mchoraji, upande wa pili. Nikafungua kifuniko. Nikaiweka picha ya marehemu katikati, nikainyoosha kwa kidole, nikafunga. Nikabonyeza kijani. Mashine ikalia kama mbu aliyeingia chupani. Nikafurahi, maana nilijua anachukuliwa sura.

Kumbe haichukui. Inachoma. Michoro huwa inatoka kwenye kompyuta, na ule uliokuwa umebaki ndani ni wa mawimbi ya boksi la dawa ya meno. Mawimbi yamepita juu ya uso wa mtu wa watu. Nilipofungua kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua, na katika picha kumebaki tai na sikio la kulia. Pengine pote ni weupe.

Nilikaa sakafuni kwa muda. Nilifikiri kwenda kwa Mwanga nimwambie. Nikamwona atakavyonitazama, si kwa hasira, kwa upole. Ule upole wake ndio siuwezi.

Basi nikaangalia kitambulisho changu cha kazi. Nilipigwa picha hiyo nikiwa bado mwembamba. Nina tai. Masikio ni madogo, sawa, lakini mng'ao hauna rangi wala makunyanzi, na mjane hutazama kwa machozi. Mtu mwembamba mwenye tai ni mtu mwembamba mwenye tai. Nikampelekea binti wa kompyuta. Hakuuliza kitu. Aliichora, akaitia kwenye mashine, akaenda zake.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari kamwambia Mwanga ni mzima kuliko daktari mwenyewe. Kazi ya maboksi ya sabuni kaifanya yeye. Nilimpa kama mtu anayegawa majukumu.

Siwezi kusema uongo hapa, yametoka mazuri. Boksi jeupe tupu. Ukiliinamisha kidogo, uso unaibuka kama mtu anayetoka majini, kisha unazama tena. Mwanga aliligeuza, akaligeuza tena. Akasema, shemeji, marehemu amefanana na wewe.

Nikasema marehemu alikuwa na bahati.

Alinitazama kidogo. Akaendelea kupanga maboksi.

Jumatano, 13 Machi

Mama wa sabuni alikuja kuchukua mzigo. Bosi alikuwepo, amevaa koti. Mama akachukua boksi moja, akaenda nalo kwenye lile tobo la ukuta ambako kuna mwanga mzuri. Akaligeuza. Akaligeuza upande wa pili. Akachukua jingine, kana kwamba la kwanza lilikosea njia.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Hakupandisha sauti. Bosi akatazama boksi, akanitazama mimi, akatazama boksi. Nikaanza kueleza kwamba mng'ao hubadilisha sura, kwamba leza ina tabia zake. Mama akasema naomba picha yangu. Nikasema iko salama. Akasema naiomba basi. Nikaitoa mfukoni, kwani mengine yote niliyofikiria yalikuwa yameisha.

Akaishika kwa vidole viwili. Akakaa juu ya mafungu ya kadibodi, taratibu.

"Nilikuwa nimeanza kumsahau sura," alisema. "Ndiyo maana nikaja kwenu."

Nilitamani anitukane. Nilijiandaa kutukanwa, hata majibu nilikuwa nayo. Hakunitukana.

Aliyepiga magoti mbele yake ni Mwanga. Akamwuliza kama kuna picha nyingine popote, kwa majirani, kwa ndugu. Hakuna. Wakakitazama wote wawili kile kipande. Kisha mama akasema, kama anayeongea na mtu mwingine, kwamba sikio lile ni lake kabisa. Marehemu alikuwa mzito wa kusikia upande wa kushoto, kwa hiyo maisha yao yote alikuwa akimsemeza upande huo wa kulia. Mambo yote ya nyumba yao yamepitia hapo.

Mwanga akamwuliza kama angependa tuweke hilo. Sikio peke yake.

Mama akafikiri. Akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali, akasema marehemu mwenyewe angelipenda sana.

Bosi aliniita ofisini. Sitaandika aliyosema.

Ijumaa, 15 Machi

Sijafukuzwa. Mwanga aliniombea. Alimwambia bosi mimi ni mwalimu wake na nina familia, na familia yenyewe ni dada yake. Bosi kanihamishia kwenye mabaki, kukanyaga kadibodi na kuifunga ipelekwe kusagwa upya. Kazi yangu ya kwanza ni yale maboksi ya sabuni. Nimejikanyaga kutwa. Kila boksi linapoinama kabla ya kubonyea, uso wangu unaibuka, kijana, na tai, unanitazama, unapotea.

Mke wangu haongei nami. Kajua habari za ile damu kukauka kwamba niliitunga. Chakula ananiwekea mezani kisha anaingia chumbani na kufunga mlango. Ningekuwa nimenyimwa hicho chakula ningejua pa kuanzia kulalamika.

Aliyebaki kunisemesha ni mdogo wake tu. Anasema shemeji, yatapita. Kwa upole.

Jumatatu, 18 Machi

Maboksi ya sikio yaliondoka Jumamosi. Leo mama wa sabuni alileta vipande vya sabuni kwa kila fundi. Nilijificha nyuma ya mabaki, akanifuata hukohuko, akanipa changu mkononi. Kaniambia jirani yake kaligeuza boksi, kaona lile sikio, na bila kuambiwa kitu akalisogeza mdomoni akalinong'oneza. Kisha akaniaga. Nilibaki nimeshika sabuni. Nikanawa nayo mikono, ingawa haikuwa michafu.

Jambo hili limenifikirisha kutwa nzima. Na nimeelewa. Bila mimi kuichoma ile picha, lile sikio asingelifikiria mtu. Wangechapa uso kama watu wote. Kwa hiyo wazo ni langu, na hawajui.

Jumatano, 20 Machi

Leo wakati wa chakula nimekwenda kiwanda cha kadi za harusi, mtaa wa pili. Nao wamenunua leza na hawana fundi. Nimewaambia mimi ndiye mwenye lile sikio, na kwamba anayeendesha mashine kwetu nilimfundisha mwenyewe. Wakaomba mfano wa kazi yangu. Nilikuwa na boksi moja nililoliokoa kwenye mabaki. Mwenye kiwanda kaligeuza dirishani, akaona uso, akauliza huyu ni nani. Nikasema ni marehemu. Akavua kofia. Kasema anaonekana alikuwa mtu mwema, na akanipa pole. Nimeipokea.

Naanza kesho. Kuna bwana harusi na bibi harusi wanataka nyuso zao zing'ae kwenye kila kadi, na harusi yenyewe ni Jumamosi. Walinionyesha mashine. Ni ya aina nyingine kabisa, haina hata kitufe cha kijani. Wakaniuliza kama naifahamu.

Nikawaambia hiyo ndiyo niliyoizoea.