Majibu Manne, Yote Sahihi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Nitaufanya mtihani wa cheti cha usimamizi wa miradi, na nitaufaulu. Siku kumi zinatosha. Wengine hujiandaa miezi sita, lakini hao hawakusoma mantiki.

Chanzo ni Mkurugenzi. Asubuhi alituita sote, akasimama mbele ya mchoro mkubwa na kutangaza kwamba kampuni yetu ndiyo itakayokarabati wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Mteja ana sharti moja: mradi uongozwe na mtu mwenye cheti. Hatuna hata mmoja. Atakayekipata kufikia tarehe kumi na tano, akasema, wodi ni yake. Watu wote wakanitazama. Au mimi ndiye niliyewatazama wote. Sikumbuki vizuri nani alianza.

Waliokwisha kusajiliwa kwa mtihani wa tarehe kumi na tatu ni wawili tu: mimi na Bi Stoo. Huyu ni mtunza stoo wetu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, miaka kumi na tisa kati ya mifuko ya saruji. Anajisomea tangu mwaka jana. Nilimpa pole mapema, kwa ustaarabu. Akanishukuru, akaniuliza kama nimesaini ule mkanda wa kupimia niliouchukua Ijumaa.

Dada yangu ni mkunga katika wodi hiyohiyo. Paa linavuja. Mvua ikinyesha husukuma vitanda huku na huku kutafuta pakavu, vikiwa na wazazi juu yake. Nimemwahidi kwamba nitaongoza ukarabati mimi mwenyewe. Akasema sawa, Profesa, ila nisimpelekee hotuba, nimpelekee paa.

Nimeagiza kibao cha mezani: MENEJA WA MIRADI MWENYE CHETI. Kitakuwa tayari Ijumaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefanya mtihani wa majaribio. Maswali mia moja na themanini kwa saa nne kasoro dakika kumi. Nimepata 61. Nikadhani nimeishika karatasi kichwa chini, nikaigeuza. Ikawa 19. Nikairudisha haraka.

Lakini mtihani wenyewe! Sijawahi kuona kitu kama hiki. Mitihani niliyoizoea huwa na jibu moja la kweli na matatu ya kijinga, na kazi ya msomi ni kuwacheka wajinga watatu. Huu una majibu manne, yote sahihi. Yote! Ningeweza kuyatetea manne hadharani, moja baada ya jingine, na kushinda mara nne. Kisha swali linauliza kwa upole: meneja afanye lipi KWANZA?

Neno moja tu hilo, na mtu mzima anatoka jasho.

Nimesoma falsafa, historia za vita, na kitabu kizima kuhusu madaraja yaliyoporomoka. Hakuna mahali nilipokutana na ujanja wa kiwango hiki. Nawawaza watunzi wake wakiwa wamekaa chumba kimoja cheupe, kimya, wakilipiga msasa neno "kwanza" mpaka linang'aa. Mtihani huu haufai kukaririwa. Nilikariri kurasa arobaini za istilahi, na hakuna swali hata moja lililoniuliza maana ya chochote. Linakupa watu wanaogombana, fundi mgonjwa, mteja aliyebadili mawazo, halafu linakutazama.

Nawaheshimu. Lakini katika maswali mia moja na kumi na tisa wamekosea.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mchana, jikoni kwa Dada. Yeye anamenya viazi, mimi namsomea maswali, nikiwa na nia njema ya kumwonyesha jinsi yalivyo magumu.

Amepata tisa kati ya kumi. Hakuinua hata macho.

Lililoniuma ni swali la arobaini na saba. Lori limefika na vifaa visivyolingana na mchoro. Mafundi wanasubiri. Meneja afanye nini kwanza? Alirudishe lori, ampigie simu mteja, aangalie daftari la mabadiliko, au asimamishe kazi? Nikasema ni wazi kama jua: alirudishe lori. Kiongozi ni maamuzi! Dada akasema kwanza mtu anaangalia daftari, asije akawa yeye ndiye asiyejua kilichobadilishwa. Akasema mzazi akiletwa wodini, hata kama anapiga kelele, jicho linaanza kwenye kadi yake. Eti kuna daktari mmoja kijana aliyekuwa anaanza na kutoa amri. Nikauliza yuko wapi siku hizi. Akasema amehamishiwa mahali ambako hakuna wagonjwa.

Nikamweleza kwa hoja tano kwa nini swali lina kasoro. Hoja ya tatu ilikuwa nzuri mno. Akaniuliza kama, mdomo ukipumzika, mikono yangu inaweza kumenya viazi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kibao kimefika. Kizuri kupita kiasi. Nimekificha droo ya chini, nakichungulia kila saa.

Mkakati mpya. Nimegundua kwamba jibu sahihi huwa refu kuliko mengine! Nimejipima kwa kanuni hiyo: 54. Kumbe watunzi waliiona mbinu hiyo zamani, wakairefusha mitego. Jamani, watu hawa! Nilisimama dirishani dakika kadhaa nikiwaza akili ya namna hiyo.

Mkakati wa pili, wa kidiplomasia. Nilimwendea Bi Stoo, nikajitolea kumfundisha. Kwa kweli nilitaka kuliona daftari lake, maana kila saa ya mapumziko analiandika kama anayemwandikia mchumba. Nilijiandaa kwa mabishano. Akanipa palepale. Akasema chukua, mwanangu, ila lirudi Jumatatu asubuhi, lisipate maji.

Nimelisoma. Hakuna siri. Kila swali alilokosa amelinakili kwa mkono, na chini yake ameandika neno moja: "Niliharakisha." Au: "Sikuuliza." Au: "Nilikasirika." Kurasa mia moja na kumi za hivyo! Sijawahi kuona mwanadamu akijishitaki kwa subira kiasi hicho.

Nimemsahihishia alama za vituo kwa wino mwekundu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku isiyosahaulika. Nitaiandika kwa ukweli wote.

Asubuhi nilimrudishia Bi Stoo daftari lake. Akafungua, akaona wino mwekundu, akauliza kama nilisoma pia maneno au nilisoma nukta tu. Sikuwa na muda wa kujibu. Nilitakiwa saiti, kusimamia mafundi kwenye jengo la maktaba tunalolimalizia.

Saa nne likaingia lori la vigae. Vya kijivu! Mchoro unasema vyeupe, na mchoro nilikuwa nao mkononi. Mafundi saba wamechuchumaa, saruji imeshachanganywa, wote wananitazama. Nilihisi historia ikinigusa begani. Nikapanda juu ya tofali. Nikamwambia dereva ageuze. Dereva akasema bosi, hebu tulia, karatasi yangu imesainiwa. Nikamwambia karatasi si ukweli, karatasi ni dai, na dai huthibitishwa. Akaniuliza sasa nathibitishaje nikiwa juu ya tofali. Nikamrudisha. Lori likaondoka na vumbi lake. Fundi mkuu akasema loo, kijana ana sauti.

Saa tano akafika Bi Stoo na daftari la mabadiliko. Ukurasa wa thelathini na mbili: mteja aliomba vigae vya kijivu wiki tatu zilizopita, kwa sababu vyeupe vinaonyesha uchafu. Sahihi ya mteja. Sahihi ya Mkurugenzi. Sahihi ya tatu, yenye mkia mrefu wa majivuno, nikaitambua mara moja. Ilikuwa yangu.

Nilisaini siku hiyo huku nikibishana na mtu kuhusu jambo jingine.

Lori halirudi mpaka Jumatano. Saruji imeganda ndani ya ndoo. Fundi mkuu ameuliza, kwa heshima zote, kama nitawafundisha mantiki wakati wanasubiri. Mkurugenzi alikuja, akatazama ndoo, akanitazama mimi, akasema "kijana" mara moja tu, akaondoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

Swali la arobaini na saba! Neno kwa neno! Lori, mchoro, mafundi wanaosubiri. Watu ambao hawajawahi kuniona, wamekaa mbali huko kwenye chumba chao cheupe, waliijua Jumatatu yangu kabla sijaiishi. Huu si mtihani. Hiki ni kioo.

Hata hivyo, iwapo daftari lingekuwa mkononi mwangu na mchoro mkononi mwa mwingine, ningekuwa sahihi. Jambo hili swali halikulizingatia kabisa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimeufanya.

Chumba chenyewe kinatisha kwa ukimya wake. Mlangoni tulitoa kila kitu mifukoni, saa za mkononi pia. Msimamizi alikagua hata ndani ya kofia yangu, nikaiona kuwa ni sifa. Kila mtu na kompyuta yake, kila mtu na kizuizi cha mbao pande mbili. Bi Stoo alikaa safu ya mbele. Alifuta miwani, akaweka mikono mapajani, akavuta pumzi kama anayeingia majini.

Swali la kwanza lilikuwa zuri hata nikatamani kulipigia makofi. Mafundi wawili hodari, hawasemezani, kazi imekwama, na kila jibu lina huruma yake na hasara yake. Nikaelewa kwa nini wengi huanguka hapa. Si ukosefu wa akili. Unaulizwa u mtu wa namna gani, mara mia moja na themanini, na saa inahesabu.

Ndipo nikakiona. Chini ya kila swali, kisanduku kidogo: "Maoni yako kuhusu swali hili, ukipenda."

Ukipenda! Baada ya siku kumi za kuzungumza peke yangu, chumba cheupe kilikuwa kimenifungulia mlango.

Nikaandika. Swali la kwanza, aya mbili. La pili, aya tatu na mfano wa kihistoria. Nilikuwa katika hali bora ya maisha yangu. Vidole vilikimbia vyenyewe. Kwenye swali la sitini na tatu nikakutana tena na lori. Safari hii lilibeba milango badala ya vigae, lakini nililijua kama mtu anavyomjua ndugu yake. Jibu nalo nililijua: daftari kwanza. Nililijua kwa saruji iliyoganda! Lakini je, ni haki kulibofya jibu ambalo sijashawishika nalo, eti tu kwa sababu ni sahihi? Nikabofya kurudisha lori, kisha nikaandika kisa kizima cha Jumatatu kama utetezi, pamoja na hali ya hewa.

Nilipoinua macho, zilibaki dakika kumi na moja. Nilikuwa swali la sabini na nne.

Maswali mia moja na sita yaliyobaki niliyajibu "C", kwa kasi ambayo naamini haijawahi kufikiwa katika chumba kile.

Bi Stoo alikuwa ameshamaliza. Alikuwa anayapitia tena.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Matokeo. Bi Stoo amefaulu, tena kwa daraja la juu katika vipengele vyote. Mimi sikufaulu. Barua yao ina mistari minne. Kuhusu hoja zangu sabini na nne, hawakusema neno hata moja.

Ukimya gani huu! Nimebishana na wahadhiri, na makarani, na mwenye nyumba. Wote mwishowe walipandisha sauti. Hawa hawakupandisha hata nyusi. Ni mpinzani mkubwa kuliko wote niliowahi kukutana nao.

Mkurugenzi alimkabidhi Bi Stoo mradi wa wodi mbele ya watu wote. Bi Stoo hakutoa hotuba. Aliuliza nani ameshawahi kuongea na wakunga wenyewe. Basi akachukua mkoba wake, akaenda hospitali kwa miguu. Dada amenipigia simu jioni. Anasema mama yule alikaa naye saa nzima kwenye benchi, akauliza vitanda vinasukumwa kwenda wapi mvua ikinyesha, akavihesabu, akaandika. Dada alikuwa anacheka na sauti yake imekauka. Akasema mdogo wangu, usione vibaya, lakini hili paa sasa nimeanza kuliona.

Sikuona vibaya.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Bi Stoo amenipangia kazi katika mradi wake. Nitatunza daftari la mabadiliko. Akasema mwanangu, aliyeumwa na daftari ndiye atakayelisoma vizuri. Lilikuwa tendo la ukarimu. Nilimwambia nimejifunza mengi. Akanitazama juu ya miwani, akasema vizuri, saini hapa.

Nikasaini. Nilikuwa namweleza jambo kuhusu muundo wa mistari ya daftari, hivyo sikuona nilichosaini, nitamuuliza kesho.

Kibao nimekitoa droo ya chini na kukihamishia ya juu. Nimekwisha kujisajili kwa mtihani wa mwezi wa sita, na safari hii nimelichunguza kosa langu bila huruma, kama Bi Stoo anavyofanya. Chini yake nimeandika neno moja: "Nilirefusha." Kwa hiyo maoni yangu yatakuwa mafupi, maneno mia mbili kwa kila swali, basi. Nimeanza kuyaandika leo, ili siku hiyo nisubiri maswali tu.