Nimemrushia Kiatu Tumbili wa Hekaluni

Leo sina pa kuuweka uso huu. Hata barakoa haitoshi kuuficha.

Mnajua nahudumia wazee kwenye makao yao hapa Guildford. Na mnajua nimechoka na zamu za kuogesha, naitamani ile nafasi ya kuongoza burudani. Sasa korona imetufungia, hata kwenda Minto kwa dada ni marufuku. Nikamwambia meneja: "Nipe saa moja niwapeleke wazee India ya kusini, kwa video, kwenye runinga ya ukumbini." Akasema, "Sawa, nitakaa nyuma nikuangalie." (Mtihani huo!)

Mwanzo nilitamba. Kiongozi wa watalii, kijana wa kule kule, akatuwekea kwanza picha za milima ya baridi, chai imepandwa hadi mawinguni. Mimi maswali hayaniishi. Tembo wanapita wapi? Chui akija mnalalaje? Wazee nao wakaanza kuuliza. Meneja anatabasamu.

Kisha mubashara kutoka hekaluni. Mnara mzima sanamu za rangi, shingo zikatuuma kwa kuangalia juu! Kijana akavua ndala. Bibi Kamala, mmoja wa wazee wetu, mzaliwa wa mji ule, naye akavua zake huku machozi yanamlenga. Basi nikaamuru sote tuvue. (Soksi yangu ina tundu. Haya.)

Kiatu bado ninacho mkononi, nikamwona. Tumbili! Ananyemelea kapu la ndizi nyuma ya kijana.

Jamani, mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kufukuza tumbili kwenye mahindi ya mama. Mkono haukuniuliza.

"Toka, mwizi weee!"

Puu! Runinga ikapasuka katikati ya hekalu.

"Weye! Ile njo télé, haiko shamba!" akapiga kelele Mama Odette, Mkongo mwenzangu wa zamu.

Picha imezima, sauti ipo. Kijana anauliza kwa upole kama sote tu salama: "Madam, is everyone okay?"

Bibi Kamala akanigeukia. "Mwanangu, zile ndizi ni zake. Tunampelekea wenyewe. Pale yeye ni wa kuheshimiwa."

Wa kuheshimiwa! Tumbili! Nikamwomba radhi bibi, nikamwomba radhi kijana, na tumbili pia, maana bibi alishikilia. Hapo wazee wote wakaangua kicheko, wengine sijawahi kuwasikia wakicheka tangu tufungiwe.

Meneja akafuta macho. Nafasi ya burudani nimepewa. Sharti moja: nikisafirisha wazee, viatu vyangu vinakaa ofisini kwake.

Hongera nazipokea. Vicheko bakini navyo.