Kifungu Kilichonipita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo semina ya sheria mpya ya nyumba, kwa madalali wote wa mji, ukumbi wa shule. Asiyehudhuria hapati leseni. Nimevaa koti. Nimekaa mbele kabisa ili mwanasheria anayetufundisha aone ninavyotikisa kichwa.

Asubuhi nzima ilikuwa tamu. Asiye na leseni hataruhusiwa kuonyesha nyumba. Safi sana, mtaa umejaa watu wanaojiita madalali kwa sababu tu wanajua nani anahama. Kisha akasema dalali haruhusiwi kuwatumikia mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja bila kuwaambia wote wawili. Hapo sikutikisa kichwa.

Baada ya chai akatangaza kwamba sasa tunaingia kwenye haki za mpangaji. Nikaona hapo ndipo pa kutokea. Nje watu walikuwa wanapanga uchaguzi wa mwenyekiti wa chama chetu, na jina langu halikuwa limetajwa na mtu yeyote. Nikalitaja mimi. Niliporudi ukumbini watu wanapiga makofi, nami nikapiga.

Kisigino alikuwa safu ya pili, anaandika kila neno. Huyu binti nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Siku hizi ana ofisi ya vioo, na viatu vyake vinasikika kona nzima kabla hajatokea, ndiyo maana nikampa jina hilo. Kunisalimia ananiita Mwalimu, lakini wateja anachukua. Akaniuliza mbona nilitoka wakati mambo yenyewe ndiyo kwanza yanaanza. Nikamjibu kwamba hayo nayajua siku nyingi.

Haki za mpangaji zinanihusu nini, mtu wa kazi yangu. Kweli mimi mwenyewe ni mpangaji, lakini hilo si la kutangaza. Nimewaingiza nusu ya mji huu kwenye nyumba zao na usiku nalala kwenye nyumba ya mtu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mwenye nyumba wetu amekuja. Hajawahi kuja bila kualikwa, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Mke wangu akamwekea kigoda cha kunyooshea mguu, maana magoti yamemchakaa. Akazungukazunguka, akasifu chai, akauliza watoto walioolewa mbali wanaendeleaje. Mwisho akasema anauza nyumba. Ngazi za kwake zimemshinda, binti yake anamwita akaishi naye. Alisema kwa upole mpaka nikashindwa kukasirika.

Nikakasirika baadaye, aliposema kazi ya kuuza amempa Kisigino. Mimi hakunipa kwa sababu aliogopa ningejisikia vibaya kuuza nyumba ninayolala. Ni kweli ningejisikia vibaya. Lakini angeniuliza.

Alipoondoka mke wangu akasimama kwenye dirisha la jikoni. Hilo dirisha nililitoboa mimi, mwaka tuliohamia, kwa nyundo ya kuazima na bila ruhusa. Jiko lilikuwa giza, naye alikuwa bibi harusi aliyetoka kwenye nyumba ya ndugu wengi, akasema anapika kama mfungwa. Nikatoboa. Limepinda. Ukiweka kikombe kwenye kizingiti chake kinateleza upande wa kushoto. Lakini anawaona wapita njia, nao wanamsalimia, na kila mtu mtaa huu anamjua kwa uso na mabega tu.

Akaosha sahani moja mara mbili. Nikamwambia, Mama Watoto, hili niachie mimi. Akasema hapo ndipo wasiwasi unapomwanzia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa kwanza: kumkwepa Kisigino. Asiponiona hawezi kuniambia nihame. Asiponiambia, sijaambiwa. Mpango safi.

Mke wangu alikuwa ameenda kwenye kibanda chake cha cherehani. Saa ya mchana nikasikia viatu. Ko, ko, ko. Nikaingia kabatini. Akabisha, akaita Mwalimu, akabisha tena. Kisha akanipigia simu. Simu ilikuwa nami kabatini.

Halafu nikasikia sauti yake dirishani, pole kabisa:

“Mwalimu, nasikia simu yako inalia kwenye nguo.”

Sikujibu. Simu si mtu, inaweza kulia peke yake nyumbani.

Akaanza kueleza jambo kupitia dirisha. Nilisikia “kifungu” na nikasikia “mpangaji”, nikajua ndiyo notisi ya kuhama yenyewe, nikajifunika masikio kwa gauni la harusi la mke wangu na shali mbili juu yake. Ilipokuwa kimya nikatoka. Kulabu ya kabati ilinishika koti, likachanika mgongoni.

Jioni mke wangu alilishona bila kuuliza. Aliuliza tu gauni lake limefanya nini mpaka lina jasho.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango wa pili: kuwatisha wanunuzi. Nyumba mbaya haiuzwi. Nikamwagia maji ukuta wa chumbani ili uonekane una unyevu. Plasta ikaanguka, kipande cha ukubwa wa sinia. Sasa ukuta ni mbaya kweli. Nikamwomba jirani yangu fundi redio afungulie muziki kwa nguvu zote. Akafurahi, maana siku zote ni mimi ninayemwambia apunguze.

Saa ya alasiri nikamwona mwanamke barabarani, kofia ya jua, anaitazama nyumba yetu. Mnunuzi. Nikatoka haraka nikamkaribisha ndani. Akasema hapana, yeye anapita tu kuuona mtaa, ameambiwa haruhusiwi kuingia bila idhini ya wanaoishi humo. Nikamwambia idhini ni mimi, apite, ajionee balaa.

Nikamwonyesha ukuta. Nikamwambia kelele ni hizi, kila siku. Akatega sikio, akasema huo wimbo mama yake alikuwa anaupenda. Nikamwambia bati linavuja. Akauliza linavuja wapi. Nikaangalia juu, nikasema hapa na pale.

Akauliza tumeishi hapa muda gani. Nikamjibu tangu tulipooana. Akauliza, sasa kwa nini hamkuhama?

Hapo mdomo ukaniponyoka. Miaka yote ya kusifia nyumba za watu, nadhani ulimi umezoea. Nikamwambia asubuhi jua linaingia jikoni kwanza kabla ya nyumba nyingine zote. Nikamwambia watoto walitambaa kwenye sakafu hii na haikuwahi kumkwaruza hata mmoja. Mke wangu alipougua mwaka ule, majirani walikuwa wanaweka vyakula pale kwenye kizingiti cha dirisha bila kubisha, ili asiamke, na vyote vilikuwa vimebanana upande wa kushoto. Nikamwonyesha hata mlango wa nyuma unavyonyanyuliwa kidogo ili usilie.

Nikanyamaza nimechelewa. Yule mwanamke alikuwa amevua kofia. Akasema yeye ni muuguzi, anafanya kazi mbali, likizo yake inaisha wiki ijayo. Akanishukuru sana. Akaondoka anatembea polepole, anageuka kuitazama nyumba.

Nimeiuza mwenyewe. Sijawahi kuuza nyumba vizuri hivyo, na hata kamisheni sina.

Mke wangu sijamwambia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpango wa tatu ulikuwa bati. Nilishasema linavuja, kwa hiyo ilibidi livuje. Fundi redio akaniazima ngazi. Mke wangu alikuwa amejilaza, nikapanda taratibu na koleo, nilegeze misumari miwili mitatu.

Niko juu, msumari wa kwanza haujatoka bado, nikasikia viatu. Ko, ko, ko. Nyuma yake mkongojo wa mwenye nyumba. Nyuma yake yule muuguzi. Nikalala kifudifudi juu ya bati. Bati la saa sita mchana. Sina la kuongeza.

Fundi redio naye, mtu mwema, akaona ngazi yake iko njiani mwa wageni. Akaiondoa.

Wageni hawakuingia ndani. Mke wangu aliwafungulia dirisha la jikoni, wakakaa kwenye benchi nje chini yake, na mimi juu yao wote. Nikasikia kila neno. Kisigino akamwamkia mke wangu, akasema, mama, nimemtafuta Mwalimu wiki nzima. Mke wangu akasema na yeye pia anamtafuta, alikuwa hapa sasa hivi.

Basi Kisigino akaeleza. Alieleza vizuri, lazima niseme, kituo kwa kituo, kama nilivyomfundisha. Sheria mpya inasema nyumba ikiuzwa mpangaji ndiye anaambiwa kwanza, na akitaka kununua anatangulizwa. Asipoweza kununua, mkataba wake haufi, mwenye nyumba mpya anaurithi kama anavyorithi kuta. Na hakuna anayeletwa kuangalia nyumba mpaka mpangaji akubali. Kwa hiyo yeye hakumwingiza mtu ndani, hata muuguzi huyu leo amekaa nje. Alikuwa anakuja kuwaambia haki yao, na kuwauliza wangependa nyumba ichukuliwe na mtu wa namna gani.

Mke wangu akauliza, kwa hiyo hatuhami?

“Hamhami, mama.”

Nikasikia anavuta pumzi. Mwenye nyumba akasema yeye tangu mwanzo hakutaka wahame, alidhani sheria ndiyo iko hivyo, na wiki nzima hajalala vizuri. Muuguzi akasema angenunua nyumba akiwa na watu wa kuikalia, maana mwenyewe hayupo, na juzi mzee mmoja wa humu alimkaribisha ndani, aliongea habari za nyumba hii mpaka yeye akatamani nyumba ya mama yake. Ila kuna ukuta mmoja unahitaji plasta. Akaomba kitu kimoja: dirisha hilo lisije likanyooshwa.

Mke wangu akacheka. Halafu akalia kidogo, halafu akamuuliza Kisigino kwa nini amehangaika hivyo, ilhali mumewe anajificha akimwona.

Kisigino akasema, “Mama, siku yangu ya kwanza kazini nilipoteza funguo za mteja. Nilikuwa nafukuzwa. Mwalimu akasimama mbele ya bosi akasema amezipoteza yeye. Akakatwa mshahara yeye. Mimi sijasahau.”

Hilo tukio nalikumbuka vizuri. Nilisema nimezipoteza mimi kwa sababu nilidhani kweli nimezipoteza mimi. Lakini mtu akiwa amelala juu ya bati na macho yamejaa maji, si wakati wa kusahihisha.

Nikajikuta nauliza, kutoka juu, ni kifungu namba ngapi hicho.

Wote wakatazama juu. Kisigino hata hakushtuka.

“Ni kile kilichosomwa ulipotoka nje, Mwalimu. Shikamoo.”

Nikamwitikia marahaba. Fundi redio akarudisha ngazi. Mke wangu akaniuliza, Baba Watoto, ulikuwa unafanya nini huko juu? Nikamwambia nilikuwa nakagua bati, kabla ya mwenye nyumba mpya. Akanitazama, akaliona koleo, akaniona tumbo lilivyoiva kwa joto, akaenda kuniletea maji. Wageni walipoondoka akanipaka mafuta ya nazi, akinisema taratibu, mkono mwepesi kuliko maneno. Kisha tukakaa pale dirishani pamoja mpaka jua likazama, tunasalimiwa na kila anayepita.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mkataba mpya umesainiwa kwenye ofisi ya vioo. Miaka mitano, na juu yake tunaweza kuongeza. Mwenye nyumba wa zamani alimkumbatia mke wangu, akamwomba awe anamtumia salamu za mtaa. Muuguzi anasafiri kesho. Kisigino alinipa kiti chake mwenyewe nikae nisaini. Kinazunguka. Niliiambia hadhira yote, yaani mke wangu, muuguzi na mpiga chapa, kwamba mambo kama haya yanahitaji utulivu na kutokimbilia hitimisho. Mke wangu alitazama nje.

Kisigino akataka kunipa nakala ya sheria niisome nyumbani. Nikamwambia asijisumbue, sasa naielewa yote.

Jioni hii nimekaa sebuleni, nimetulia, mara mlango ukabishwa. Nikachungulia. Mwanaume, miwani, mkoba wa ngozi, viatu vimepigwa rangi. Mkaguzi wa leseni, sina shaka hata kidogo. Na leseni yangu sijaichukua, inasubiri saini ya kwamba nilihudhuria semina nzima. Naandika haya nikiwa chini ya kitanda. Mahali pana nafasi, sijui kwa nini wiki iliyopita nilihangaika na kabati.

Namsikia anaongea na mke wangu. Anadai amehamishwa kikazi, ana familia, anatafuta nyumba ya kupanga haraka, kubwa, na kwamba watu watatu wamemwelekeza kwangu kwa jina. Watu watatu. Wakaguzi siku hizi wamesoma kweli. Mke wangu anaita, Baba Watoto, njoo, ni mteja. Sijibu.

Sasa anamwelekeza kwenye ofisi ya Kisigino. Namsikia anashukuru, anaondoka, hatua za haraka.

Vizuri sana. Akahangaike naye Kisigino.