Kingamwili Wenu Wamenichongea kwa Mwanangu

Kwako Mkuu wa Maabara,

Salamu nyingi. Baba watoto hajambo, anakusalimu. Shangazi yao hajambo, kikohozi kimemwachia. Kifungua mimba na mkewe hawajambo, pacha wao wameota meno. Mziwanda wangu unafanya naye kazi, unamwona mwenyewe. Mimi mama yao ni mzima kabisa, na hapo ndipo penye shauri.

Mwezi jana Mziwanda aliniomba damu kidogo. Mnajaribu kipimo kipya cha maradhi ya viungo, mnataka damu ya mtu asiyeumwa, mlinganishe na ya wagonjwa. Nikajaza fomu kwa mkono wangu: siumwi popote. Kumbe mna kingamwili kwenye friji, kazi yao kunasa protini moja tu, ile inayopita mwilini ikipiga mbiu kwamba kuna uvimbe. Wakiinasa, kishimo cha sahani kilichotiwa damu hugeuka bluu, na changu kikawa bluu kuliko vya wagonjwa wote! Mwanangu akarudi nyumbani, akanifunua goti, akalia. Sasa haendi tena masomoni ng'ambo, ati atabaki kuniuguza. Ijumaa ndiyo mwisho wa kuwajibu waliompa nafasi.

Malalamiko yangu juu ya kingamwili hao:

1. Goti ni langu. Nimelificha tangu mvua za mwaka jana, napanda ngazi naimba ili nisisikike nikiguna. Wao wamelitoboa asubuhi moja.

2. Wanachagua la kusema. Damu ile ile ina hamu yangu ya kumwona mwanangu amevaa joho. Hiyo hawakuinasa?

3. Nasikia walitokana na sungura. Sungura gani huyo, na goti langu alilijulia wapi?

4. Wao hubebwa kwenye barafu, hata kutikiswa hawatikiswi. Mimi barafu nailaza gotini nimejifungia chooni. Yaani nilikuwa nailaza.

Kwa heshima zote, naomba uwaonye, wapime upya, na safari hii wanyamaze. Wakikaidi, mwambie Mziwanda kwamba umeme ulikatika wakaharibika. Wewe mkubwa wake hatakubishia.

Nisalimie wote hapo, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti bila kuniuliza kulikoni. Nijibu upesi, Ijumaa isitukute.

Ni mimi mama yake, mwenye afya tele.

N.B. Mziwanda tangu juzi hali chakula, macho yamemvimba, nikimuuliza anasema ni vumbi. Ananificha huyo, namjua, nimemzaa. Tafadhali mtoe damu uwape kingamwili hao hao, maana wao hawadanganyiki. Jibu niletee mimi, yeye asijue.