Yai la Wazee

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimefika ughaibuni. Ndege haikunitisha. Waliotapika ni wengine.

Naandika haya ili wanangu wasije wakasema baba alikwenda kutalii. Nimekuja kujitolea. Makao ya wazee yanahitaji fundi wa viti na vitanda, na fundi ndiye mimi. Mama wa shirika la kujitolea aliponiuliza umri nikamwambia hamsini na kidogo. Hicho kidogo hakukiuliza.

Mwanangu wa kiume kanisindikiza na fimbo ya kutembelea. Kainunua dukani. Mimi niliyepasua mbao maisha yangu yote, leo naletewa mti kutoka dukani! Nimeizungushia gazeti, iko chini kabisa ya nguo.

Dereva alinishusha lango la mbele alfajiri, akaenda zake. Nikaketi barazani nivute pumzi. Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa watu wenye adabu. Dada wa zamu ya asubuhi akaja mbio, akasema jamani Babu, mbona uko nje na baridi hii. Akanishika mkono hadi ndani. Akanivua viatu, akaniosha miguu kwa maji ya moto. Akanifunga kitambaa kifuani. Uji, mkate, yai la kuchemsha, tena kalimenya mwenyewe. Akaniuliza kama chai imepoa. Tangu mama watoto atangulie mbele ya haki, swali hilo sijaulizwa na mtu.

Kisha godoro la kuzama na blanketi mbili. Kama hivi ndivyo wanavyowapokea wa kujitolea, nashangaa dunia nzima haijajitolea.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Fitina.

Msimamizi wa makao, mama mrefu mwenye funguo kiunoni, kanikuta kitandani na kitambaa changu kifuani. Kumbe jana alinitafuta kutwa, kapiga simu mpaka uwanja wa ndege. Akasema mzee wangu, hicho ni kitanda cha wazee wetu. Wa kujitolea hulala ghorofani.

Ghorofani kuna vijana watatu wanaokoroma kwa zamu, na vitanda vilivyopandana. Mimi nimepewa cha juu. Maji ni baridi. Tunakula jikoni kwa nyuma, wazee wakishamaliza. Asubuhi maharage. Jioni maharage yale yale, wameyatia maji.

Halafu Msimamizi akatoa onyo kwa wote, ila macho yake yalikuwa kwangu. Chakula cha wazee ni cha wazee. Atakayekigusa ataondoka na gari la Jumamosi, lile la kupeleka watu uwanjani.

Nirudi ndani ya wiki moja? Nyumbani wameshaniwekea kiti barazani. Karakana yangu binti yangu kaijaza kuku. Nikirudi nitakalishwa kwenye kile kiti mpaka siku ya kubebwa. Sirudi ng'o.

Ila lile yai.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Akili ni nywele. Zangu za nje zimepungua, za ndani zimebaki zote.

Nimegundua mambo mawili. La kwanza, yule dada wa asubuhi hakuambiwa kitu. Yeye hutoka Msimamizi anapoingia, hawakutani. La pili, kinachonitambulisha ni aproni ya kijani tunayovaa wa kujitolea, basi. Nikiivua, mimi ni mzee kama wazee. Yaani kwa sura. Kwa nguvu hakuna wa kunifikia.

Basi alfajiri nikateremka, aproni nimeikunja kwapani, blanketi begani. Ikabidi niifungue fimbo. Nikachechemea. Kuigiza uzee ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi, nikaongeza na kukohoa. Dada akafurahi, akasema Babu, jana ulinikimbia. Yai likaja.

Baadaye nikavaa aproni, nikaenda kukaza viti vya ukumbi wa kulia. Hapo nikakutana na Kanali.

Kanali ndilo jina analojiita. Wapishi wanasema alipiga tarumbeta kwenye bendi ya jeshi. Anakaa kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha la jua, na hainuki. Wanamsukuma kwa kiti cha magurudumu kila mahali. Daktari anasema miguu yake ni mizima. Yeye anasema miguu haioni pa kwenda.

Akaniita kwa kidole. Akaniambia fundi, asubuhi ulikuwa babu, saa hizi umekuwa kijana, hiyo dawa unaipata wapi nami ninunuliwe. Nikajifanya nagongea msumari. Akasema yeye hana shida. Anataka mtu wa kucheza naye drafti kila alasiri. Na anataka kushinda. Asiposhinda, Msimamizi atajua yai linaingia tumbo la nani.

Nimekubali. Kwani kushindwa ni kazi?

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Ni kazi.

Mimi ndiye bingwa wa drafti mtaani kwetu. Waulizeni. Shemeji yangu hajanishinda tangu amwoe dada yangu, na ana wajukuu sasa. Leo nimekaa mbele ya mpiga tarumbeta, naiona njia nyeupe ya kula kete zake, naisukuma yangu pembeni kama kipofu.

Alipomaliza akatangazia ukumbi mzima. Huyu fundi wenu, akasema, kichwa chake kigumu kama mninga, na ndani hamna kitu. Wazee wakacheka hadi mmoja akadondosha meno. Bibi wa pembeni, ambaye hasemi na mtu, naye akatabasamu.

Yai la leo lilikuwa na kiini chepesi. Sikulifurahia nusu ya nilivyotegemea.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku ya mkosi. Nitaandika yote.

Mchana binti yangu kapiga simu. Kauliza kama natumia fimbo. Nikasema sijui iko wapi. Akasema kaka kapata mto wa kile kiti cha barazani, mzuri, wa sponji. Kisha sauti yake ikalainika. Baba, ukichoka sema tu, hakuna atakayekucheka. Hapo nikajua wote wanangoja kunicheka. Nikamwambia hapa ndimi bingwa wa drafti. Akasema hewala baba, kama mtu anayemwambia mtoto hewala.

Na joto hilo kifuani nikaenda kwa Kanali.

Nilikuwa tayari kushindwa. Naapa. Nilikuwa nimeshampa kete nne, fimbo ya alfajiri, ambayo sikuwahi kuirudisha ghorofani, nimeiegemeza ukutani kando yake. Sasa hana haraka, ananikejeli. Akauliza hivi huko kwenu mafundi wote wanacheza hivi, au wewe ulikuwa wa kuokota misumari. Nikasogeza kete. Akauliza na marehemu mkeo naye alikuwa anakushinda?

Mke wangu hakujua drafti. Alikuwa akikaa kando na chai yake, na kila nikishinda anasema nimeona. Basi. Hilo tu.

Mkono ukaenda wenyewe. Ta, ta, ta! Kete tatu kwa mpigo, na ya nne nikaingia kingi. Kisha nikazifagia zilizobaki, sikuacha hata moja ubaoni. Nikamwambia nimeona.

Kanali akatazama ubao. Akanitazama. Kisha akashika mikono ya kiti, akainuka.

Nasema akainuka. Akaichukua fimbo yangu pale ukutani, akashika ujia wa katikati kuelekea ofisini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema. Hawakusema ya karibu inamuua mwenyewe. Nikanyakua kiti chake cha magurudumu nikamfuata, namnong'oneza Kanali ndugu yangu, kaa, kaa, tutacheza tena, nitashindwa vizuri. Kila alipoyumba nikamsogezea kiti nyuma, na kila nilipokisogeza akakipiga kumbo akaendelea. Dada mmoja akaangusha sinia la vikombe.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Msimamizi akatuona. Kanali akasema kwa pumzi ya mwisho mwisho, mama, huyu mtu anakula mayai yetu.

Msimamizi akasema Kanali, umetembea.

Kanali akasema kila asubuhi, mama, na blanketi begani.

Msimamizi akasema Kanali, umetembea. Akafunika uso na zile funguo zake.

Mimi nimepanda ghorofani, nimefungasha. Sijui vijana wamesema nini, sikuwasikiliza. Kile kiti chenye sponji nakiona kabisa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Gari limekuja, limepiga honi, limeondoka. Sikuwemo.

Msimamizi aliniita asubuhi. Akasema mayai anayajua sasa, na ni aibu kwa mtu wa umri wangu, ambao pia anaujua sasa, maana kampigia binti yangu. Nikainamisha kichwa. Akasema lakini daktari, dada na dua zao wameshindwa tangu mvua za mwaka jana, na mimi nimemwinua Kanali kwa siku tatu. Kwa hiyo nibaki, nikaze viti, na kila alasiri nitembee naye. Na nisiliguse yai hata kwa kijicho.

Nikamwambia hiyo ndiyo njia yangu. Tangu mwanzo niliipanga. Unamkasirisha mtu hadi miguu ipate pa kwenda. Alinitazama sana.

Binti yangu kapiga simu akilia kidogo, akasema baba, kumbe wanakuhitaji. Nikamwambia awatoe kuku wangu karakanani. Fimbo Kanali kakataa kuirudisha. Anasema ni nyara za vita. Nimemwachia. Mimi sina haja nayo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Sasa mimi ni mtaalamu. Nimeshaanza na Bibi wa pembeni, asiyesema. Nimempitia mara kadhaa nikimwambia khanga yake haikupigwa pasi. Bado hajasema. Ila alinirushia kijiko, ni hatua.

Alfajiri ya leo nilifika ukumbini mapema, kwa sababu za kazi. Kanali alikuwa nje, anakagua bustani na fimbo yangu kama anapokea gwaride. Kiti chake kitupu. Fundi anayejiheshimu hakiachi kiti bila kukijaribu, hasa viungo vya nyuma. Nikaketi. Blanketi lilikuwa pale pale. Baridi ilikuwa kali.

Aproni nilikuwa nimeivua, kwa bahati.

Dada wa zamu akaja, mpya huyu, sijapata kumwona. Ana sinia. Akasema Babu, umeamka salama. Akakunjua kitambaa.

Nikainua kidevu.